Herufi Saba na Mama Mkwe

Herufi saba za kwanza nilizopewa zilikuwa A, A, I, K, M, N na W. Nilizitazama kama mtu anavyotazama wito wa mahakama, najua ni wangu lakini sielewi nimekosa nini. Kisha, bila kuguswa, zikajipanga zenyewe kichwani mwangu: MWAKANI. Saba zote, hakuna hata moja iliyobaki nje. Nilipiga paja, nikaanza kuzishusha ubaoni kwa mbwembwe.

"Kiingereza, shemeji," akasema shemeji yangu, kwa ule upole wa mtu aliyekuja kudai deni. "Tunacheza kwa Kiingereza."

Nikazikusanya, nikazitazama upya. MWAKANI ikanitazama. Nikazichanganya kwa kidole ili niivunje nguvu, nikafumba macho, nikafumbua: MWAKANI. Ni kama kumfukuza paka mlangoni akarudi kwa dirisha. Baada ya dakika tano za kujikuna kisogo niliambulia MAN, mwanamume, herufi tatu. Shemeji, mwenye tabia ya kuchungulia herufi za wenzake kama mtoto anayefunua sufuria, akaniambia kwamba humohumo mlikuwa na MANIA. Nikamuuliza maana yake. "Kichaa cha jambo moja," akasema.

Yeye anaishi Uingereza miaka mingi, na likizo hii alirudi na masanduku mawili ya nguo, chokoleti zilizoyeyukia njiani, na hilo boksi la Scrabble. Tungeliacha juu ya kabati kama zawadi nyingine za ulaya, ila usiku ule umeme ulikatika. Televisheni ikafa, simu ya binti yangu Salma ikabaki na chaji ya kuombea dua, na taa ya kuchaji ikawekwa katikati ya meza. Wachezaji tulikuwa wanne: mimi, mama Salma, kaka yake huyo, na Salma aliye kidato cha pili. Mama mkwe, aliyevuka kutoka Unguja kuja kumwona mwanawe, alikaa pembeni akichambua mchele na kutuhurumia.

Mchezo wenyewe ni mwepesi kuueleza na mgumu kuucheza, kama ndoa. Kuna vigae 100. 98 vina herufi na 2 ni vitupu, unavipa herufi uitakayo. Ubao una miraba 15 kwenda upande mmoja na 15 upande mwingine. Unachota vigae saba, unatafuta neno, unaliunganisha na maneno yaliyopo, unahesabiwa pointi. Ukimaliza vigae vyote saba kwa mpigo unaongezewa 50. Ndiyo maana niliumia. Nilifanya hesabu baadaye, kitandani, wakati wenzangu wamelala: MWAKANI yangu ingeniletea pointi 82. MAN ilinipa 10.

Nilitaka kujua nani aliyepanga mambo haya, maana palikuwa na dhuluma ya wazi. K ilikuwa moja tu katika boksi zima. Moja! Katika Kiswahili bila K huwezi hata kukohoa. E zilikuwa 12, zimejaa kama kumbikumbi, na Q, herufi ambayo sijawahi kuihitaji kwa lolote, ilikuwa na pointi 10. Shemeji akanisimulia habari za Alfred Butts, msanifu majengo wa New York, ambaye mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930 ulimwachisha kazi. Mtu wa kwetu akiachishwa kazi hufungua genge la nyanya. Butts alichukua magazeti, New York Times likiwemo, akakaa kuhesabu herufi: E mara ngapi, A mara ngapi, Z mara ngapi. Zilizotokea sana akazifanya nyingi na rahisi, za nadra akazifanya chache na ghali. S akazibana makusudi zikawa 4, maana Mwingereza akishapata S hatafuti neno jipya. Anachukua la jirani na kulitia wingi. Mwaka 1948 James Brunot akaupa mchezo jina la Scrabble na kuanza kuuuza.

Kwa hiyo nilikuwa nafungwa na gazeti la New York. Butts angehesabu Mambo Leo, lililokuwa likitoka hapa hapa Dar es Salaam tangu 1923, leo K zingekuwa nyingi kama dagaa, na Q na X zisingeingia bokseni hata kwa kusindikiza. Nilijaribu kuifanya kazi hiyo mwenyewe. Kesho yake nilichukua kipande cha gazeti kilichofungia maandazi, nikaanza kuhesabu kwa kalamu ya risasi. Nilifika aya ya pili. Ya tatu ilikuwa imeliwa na mafuta. Lakini matokeo ya awali yalitosha: A ilikuwa inaongoza kwa mbali, na Q haikufika kituoni.

Nisieleweke vibaya, Kiingereza nakijua. Nilisoma shule ambayo kwenye mlango wa ofisi kulikuwa na tangazo kwamba asiyesema Kiingereza hatahudumiwa, na ninawajua watu waliobanwa na tumbo la kuhara mbele ya tangazo hilo wakitafuta neno. Tatizo ni kwamba Kiingereza changu ni cha barua. Kinaanza na kumbukumbu namba, kinaendelea na somo tajwa hapo juu, na kinaishia kwenye sahihi na mhuri. Hakijawahi kutumwa kutafuta neno la herufi tatu gizani.

Zamu yangu ya pili nilikuwa na S, H, T na I, na nikaona kwamba A ya MAN ilikuwa inaning'inia pale kama msumari ukutani. Nikatundika SHATI.

"Baba," akasema Salma, "hilo ni Kiswahili."

"Limetoka kwa Kiingereza."

"Lilitoka, lakini halijarudi."

Hapo ndipo nilipougundua ugonjwa wangu. Kila neno la Kiingereza nililoliona mkononi lilikuwa limeshaolewa uswahilini likabadili jina. Niliona KOTI, niliona BENKI, niliona SKETI, niliona BLANKETI. Sikio letu halipendi neno linaloishia na mdomo umefungwa. Lazima tuliachie mlango wazi kwa I au U. Na I nilikuwa nazo. Shemeji akanishika mkono, akang'oa ile I, akapanga vigae vingine upya kuizunguka A: HATS. Kofia, tena nyingi. Nilikuwa nimekuja kutafuta shati, nikaondoka na kofia, na hizo kofia nikahesabiwa kwa huruma.

Kisha yeye akaweka Q na I. Basi. Q, I.

Nikasema hapana. Nikasema hata mimi mwenye Kiingereza cha barua najua Q haitoki nyumbani bila U. Nikaagiza kamusi ya shule ya Salma. Tukaifungua kwenye Q. Kurasa zilikuwa mbili na haikuwemo. Nilijinyoosha kwenye kiti. Shemeji akatoa simu, akafungua orodha ya maneno ya Collins wanayotumia wachezaji wa huko, na QI ilikuwemo: nguvu ya uhai, kwa falsafa ya Wachina. Pointi 11. Raundi iliyofuata akaweka ZA. Nikauliza, huku nimechoka, ZA ni nguvu ya nani? Akasema ni piza. Wamarekani wameikata mbele wakabakiza mkia. Pointi nyingine 11.

Mimi nimesema "za" maisha yangu yote. Za asubuhi, za kazi, za watoto, za tangu jana. Hakuna mtu aliyewahi kunipa pointi.

Usiku ule nilishindwa vibaya hivi kwamba shemeji alijaribu kunifariji. Alinisimulia habari za Nigel Richards, raia wa New Zealand, ambaye mwaka 2015 alikwenda kwenye mashindano ya dunia ya Scrabble ya Kifaransa akawa bingwa. Kifaransa hakijui. Alikariri maneno ya kwenye orodha kwa wiki kadhaa, akaja akawashinda Wafaransa kwa lugha ya mama zao bila kuweza kuwaagiza kahawa. Mwaka 2024 akarudia maajabu yaleyale kwa Kihispania, huko Granada, Hispania.

Mama Salma, aliyekuwa kimya kwa muda, akauliza: "Yaani mtu ana maneno yote kichwani na hawezi kusema hata moja?"

"Ndiyo."

"Huyo mimi nimeolewa naye."

Lililoniingia zaidi lilikuwa jingine. Mwaka huohuo wa 2015, kule Perth, Australia, Mnigeria Wellington Jighere alitwaa ubingwa wa dunia wa Kiingereza, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Basi inawezekana. Nikamwomba Salma anirushie orodha ya maneno ya herufi mbili kwenye simu, nikaanza mazoezi ya siri.

Orodha hiyo ina mambo. Waswahili tukiisoma tunaweza kudhani ni zoezi la ngeli lililopotea njia. YA imo. ZA tumeiona. LA imo, PA imo, KI imo, KA imo, hata NA imo. Nikaanza kujisikia nyumbani, nikashuka hadi kwenye W kuitafuta WA. Haimo. Niliangalia mara tatu. Yaani gari la, nyumba ya, pesa za, vyote vinapita. Ngeli ya watu ndiyo inayozuiwa uwanja wa ndege. Nikakumbuka foleni za viza, nikaona orodha imetungwa na watu wanaojua kazi yao.

Na siyo vineno vya herufi mbili tu. Shemeji alinionyesha kwamba SAFARI imo, BWANA imo, BOMA imo, PANGA imo, KANGA imo, ASKARI imo, UHURU imo. Kisha nikaiona, nikaruka kitini: UGALI imo! Mama mkwe akaacha ungo.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Mama, ugali umeingia Kiingereza!"

"Umeingia na mboga gani?"

Sikuwa na jibu. Lakini furaha yangu haikudumu, kwa sababu Kiingereza kikichukua kitu hakikirudishi kama kilivyokuwa. Usiku wa pili wa mchezo Salma aliweka MZEE, nikampongeza kama baba. Zamu yake iliyofuata akaongeza S mwishoni. MZEES. Nikamwambia binti yangu, wingi wa mzee ni wazee, umesoma hilo darasa la pili. Akanionyesha simu. Wamo, MZEES, na UGALIS wamo pia, ingawa katika miaka yangu yote sijawahi kuona ugali mmoja ukiwa wengi; ukiwa mwingi, ndiyo. Nilikaa nikiwatazama hao MZEES pale ubaoni, wamevaa S kama kofia ya kuazima, nikajihisi mmoja wao.

Mazoezi ya siri yaliniletea kilema ambacho sikukitarajia. Nilianza kutoweza kusoma. Macho yangu yakiliona neno hayalisomi tena, yanalibomoa. Naishi Tegeta. Nimeishi Tegeta miaka 9 bila madhara, hadi asubuhi moja niliposimama kituoni nikaona ubao wa daladala na TEGETA ikasambaratika: humo ndani mna GATE na TEA, geti na chai. Nikapanda nikiwa nimefurahi. Kwenye ubao huohuo, upande wa pili, palikuwa na KARIAKOO.

Sasa KARIAKOO si jina la kuchezewa na mtu anayewahi kazini. Jina lenyewe ni Kiingereza kilichomezwa: Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, kilichopiga kambi pale. Wakubwa walikuja na maneno mawili, wenyeji wakayatafuna, wakatema moja lenye irabu za kutosha, na hata Nairobi wakatafuna la kwao likawa Kariokor. Na mimi sasa, karne nzima baadaye, nimebanwa dirishani kati ya mama mwenye ndoo na kijana mwenye begi, najaribu kukitoa kile Kiingereza tena tumboni. Nilikitoa vipandevipande. AIR, hewa. OAK, mti wa kwao. OAR, kasia. Nilipoipata ROOK, herufi nne, nilisema kwa sauti, "Eeh!"

"Unashuka, mzee?" akauliza konda.

Nilipaswa kushuka Mwenge. Tulikuwa Kariakoo. Nilirudi kwa daladala nyingine nikiwa nimechelewa saa nzima, na kitu pekee nilichokuwa nacho mkononi kilikuwa ROOK, ambaye kwa Kiingereza ni ndugu yake kunguru. Mtu kuacha kazi asubuhi kwenda kutafuta kunguru Dar es Salaam!

Kazini nilikuta kikao kimeanza. Mkuu wetu wa idara alikuwa amemaliza kueleza utaratibu mpya wa kusaini mahudhurio, jambo ambalo kwa siku ile lilinihusu kuliko wote, na ameandika MAONI kwa kalamu nyekundu ubaoni. Akageuka, akaniona mimi ndiye niliyekodoa macho kuliko wengine.

"Naam, karibu. Maoni?"

Nilishaimaliza zamani. Ukiipanga upya inatoa AMINO, herufi zote tano, lile neno la vitabu vya kemia. Lakini iliyokuwa imenikaa mdomoni ilikuwa nyingine, na ikatoka.

"MOAN," nikasema. "Ukitoa I."

Kwa Kiingereza huko ni kunung'unika. Katika ofisi yetu wapo wanaojua Kiingereza. Kikao kilichangamka kwa muda, kisha kikapoa, na nikaandikiwa barua, ya Kiingereza, yenye somo tajwa hapo juu.

Ijumaa umeme ulikatika tena. Boksi likatoka. Nilikuwa nimeshapoteza michezo minne, daladala mbili na heshima ofisini. Nikasema sichezi tena mpaka tucheze kwa Kiswahili. Salma akasema K ni moja tu. Nikamwambia tutabanana humohumo. Shemeji, ambaye ndiye aliyekuwa na la kupoteza, akauliza swali la kisheria: "Na kamusi? Tukibishana, nani ataamua?"

Sote tukageuka kumtazama mama mkwe.

Akakubali, kwa sharti kwamba kwa kuwa mchele umekwisha kuchambuliwa, naye anacheza. Wachezaji wanaoruhusiwa ni wanne, kwa hiyo akawekwa timu moja na mjukuu wake. Sikuona hatari yoyote. Nilikuwa nimesahau kwamba mkwe hawezi kumpinga mama mkwe katika jambo lolote chini ya jua, na sasa nilikuwa nimemfanya mpinzani, hakimu na kamusi kwa mpigo.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Shemeji alichota Q. Niliijua kwa uso wake. Wiki nzima alikuwa ameitumia kama fimbo, na sasa ilimkalia mkononi kama mgeni asiyeaga. Mimi nilikuwa na E, I, I, K, P na U, na X ya bahati mbaya. Ile K moja ya bokseni, yote, ilikuwa kwangu! Nikaanzia kwenye nyota ya katikati kwenda kulia: UPIKIE. Pointi 26.

"Upikie?" akauliza mama Salma. "Upikie nini?"

"Upikie wapi," nikamrekebisha. "Upikie nje, kwa mfano. Jikoni kuna joto." Mama mkwe akaridhia kwa kichwa. Ni neno.

Mama Salma akatazama vigae vyake, akatabasamu tabasamu ninalolijua. Akaweka A na kigae kitupu mbele ya neno langu, akatangaza kwamba kitupu ni K. AKUPIKIE. "Akupikie, mama," akamwambia mama yake, akininyooshea kidole. "Siku moja tu, akupikie." Pointi 13 tu, lakini kicheko kilikuwa kikubwa kuliko pointi.

Shemeji hakupenda mwelekeo huo. Akaongeza N na I mwishoni, akagonga mraba mwekundu wa ukingo unaozidisha neno mara tatu, akavuna 45. AKUPIKIENI. Uzuri wa A yetu ni kwamba haisemi kama ni baba au mama. Mke wangu aliponinyooshea mimi, kaka yake akamnyooshea yeye. Akupikieni nyote. Nikasema, kwa heshima zote, kwetu bara tungesema "awapikie".

"Huko kwenu," akasema mama mkwe. "Hapa ni akupikieni." Kamusi ikafungwa.

Salma akamwinamia bibi yake, wakanong'ona. Salma akaweka T, U na T mbele. TUTAKUPIKIENI. Pointi 19. Tutakupikieni! Mimi na shemeji tulishangilia, tukagongeana mikono juu ya meza. Hapo nilimtazama shemeji kama ndugu kwa mara ya kwanza tangu aniambie MANIA. Tukaanza hata kujadili kama iwe pilau au wali wa nazi, na samaki gani, na kwa vile mchele ulikuwa umeshachambuliwa mbele ya macho yetu, hatukuona cha kuzuia.

Raundi ya pili tulicheza bila akili, tukitupia vineno hapa na pale, MTO, NAZI, kama watu walioshaanza kusikia harufu. Ikafika zamu ya Salma na bibi yake. Salma akanyoosha mkono, bibi yake akaushusha. Akachukua vigae viwili mwenyewe, kwa vidole vilevile vilivyozoea kutoa mawe kwenye mchele, akaviweka kushoto kabisa, kimoja baada ya kingine, bila haraka. A kwanza. Kisha H.

HATUTAKUPIKIENI.

Hakuna aliyesema kitu. Neno lilikuwa limejaza mstari wa katikati kutoka ukingo hadi ukingo, herufi 15 kwenye miraba 15, halikubakiza hata mahali pa koma. Kwa Kiingereza ningehitaji maneno sita kulisema, na lisingeuma hivyo. Shemeji alihesabu kwa kalamu inayotetemeka. Ile K ya kitupu haina kitu, yangu ni 5, P ni 3, H ni 4, zilizobaki moja moja: 23. H ilikuwa imekaa juu ya mraba mwekundu wa mara tatu. Pointi 69.

"Mama," akasema shemeji kwa sauti ndogo, "hilo ni neno au ni hotuba?"

"Ni neno," akasema mama yake, akajifuta mikono. "Nani anapinga?"

Shemeji akanitazama mimi. Mimi nikaitazama X yangu.

Usiku ule tulikula chipsi mayai, mimi na shemeji, tumesimama kando ya barabara. Kachumbari ilikuwa imekwisha.